Kabla Hujasaini na Watafiti: Mwongozo kwa Wenye Viwanda Vidogo Mtwara na Lindi

Ukipita kwenye mabanda ya maonesho ya wakulima ya Nanenane pale Ngongo, Lindi, utakuta mashine za kila namna: za kubangua korosho, za kumenya karanga, za kukamua ufuta, za kuchakata muhogo. Zinawashwa, watu wanapiga picha, mgeni rasmi anapewa maelezo na kutikisa kichwa. Ungetaka kujua ukweli, ungeuliza ni ngapi kati ya hizo zitakuwa zinafanya kazi mwezi Novemba, wakati korosho zimejaa maghalani.

Mwongozo huu ni wa mwenye karakana, kikundi cha wabanguaji, mtengeneza juisi ya mabibo (tunda la mkorosho) au msindika muhogo anayetaka kushirikiana na taasisi ya utafiti. Serikalini kazi hii inaitwa uhawilishaji wa teknolojia. Niseme msimamo wangu mapema ili usinisome kwa kubahatisha: kinachotakiwa kuhama kutoka kwa mtafiti kuja kwako si mashine. Ni vipimo vyake, sababu za vipimo hivyo, na ruhusa ya fundi wa Masasi au Nachingwea kuitengeneza upya siku ikivunjika. Mashine iliyokuja bila hayo matatu ni chuma chakavu ambacho siku yake haijafika tu.

Kusini tunalo somo la kutosha kuhusu hili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilijengewa viwanda vikubwa vya kubangua korosho, vingi vikiwa huku kwetu, Mtwara, Newala, Masasi, Lindi na Nachingwea. Mitambo ilitoka Italia na Japani. Majengo yalikuwa ya fahari. Lakini korosho zilizokuwa takribani tani 145,000 msimu wa 1973/74 zilishuka hadi kama tani 16,500 msimu wa 1986/87, na mitambo iliyotengenezwa kumeza mzigo mkubwa ikakosa cha kumeza. Vipuri vilikuwa ng'ambo, na fundi wa hapa hakuwa na mchoro hata mmoja wa kumwezesha kuchonga mbadala. Viwanda vingi vilisimama, vingine vikageuzwa maghala. Teknolojia ilifika, ila haikuhama.

Hatua ya kwanza: tatizo lako liwe na namba

Ukienda kwa mtafiti ukamwambia "korosho zangu zinavunjika sana," atakupa pole, chai na kipeperushi. Ukimwambia "gunia la kilo 80 linanipa kilo 20 za korosho karanga, yaani kiini kilichotolewa gandani, na kati ya hizo kilo 7 ni vipande, vingi vinatoka kwenye korosho ndogo," atachukua kalamu.

Kwa hiyo kabla ya safari yoyote, fungua daftari. Liandike kwa wiki mbili tatu za kazi ya kawaida, wala usichague siku nzuri. Kila siku andika korosho ghafi zimetoka wapi, zimeingia kilo ngapi, zimetoka nzima kilo ngapi, vipande kilo ngapi, zilizoungua au kuchafuliwa na mafuta ya ganda kilo ngapi, watu wangapi wamefanya kazi kwa saa ngapi, na kuni au umeme umetumika kiasi gani. Mtu wa muhogo aandike uzito wa muhogo mbichi, uzito wa unga, na saa zilizopita kuanzia kung'oa hadi kuanika. Mwenye karakana anayetaka kutengeneza mashine za wengine aandike hitilafu zinazoletwa: beringi, shafti, mkanda, mota iliyoungua, na mara ngapi.

Daftari hilo lina kazi ya pili ambayo watu hawaipendi. Litakuonesha kama tatizo lako ni la teknolojia kweli. Wabanguaji wengi wadogo hawakwamishwi na mashine. Wanakwamishwa na korosho ghafi. Tangu mwaka 2007 korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka kwenye chama cha msingi, chama kinapeleka ghala kuu, mnada unafanyika, na mwenye fedha nyingi anaondoka na mzigo. Kikundi chenye mtaji wa magunia thelathini kinabaki kinatazama malori. Kama daftari lako linaonesha mashine imelala kuanzia Februari kwa sababu hamna cha kubangua, mashine mpya itakuongezea kitu kimoja cha kulala. Kwanza kaongee na chama chako cha msingi, halmashauri na Bodi ya Korosho kuhusu kupata malighafi, kisha ndiyo urudi kwenye mwongozo huu.

Hatua ya pili: ujue nani ana nini

Watu wa huku wakisikia "utafiti" wanawaza Naliendele, na si kosa. TARI Naliendele, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo kilicho nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndicho kituo kinachoongoza utafiti wa korosho na mbegu za mafuta nchini. Aina za karanga kama Pendo, Mnanje 2009 na Mangaka 2009 zimetoka huko, na ufuta kama Lindi 02 vilevile. Wamefanya pia kazi ya kusindika mabibo kuwa juisi, jamu na mvinyo. Lakini ni kituo cha kilimo. Ukitaka mbegu, ukavu unaofaa wa korosho, namna ya kuondoa ukakasi wa bibo, nenda huko. Ukitaka mtu wa kukuchorea shafti, utakuwa umegonga mlango wa jirani.

Kwa mashine anza na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lenye ofisi mikoa yote miwili. Lindi wana pia kituo chao cha kuendeleza teknolojia, yaani karakana yenye mashine za kukereza chuma. Mbele ya hapo kuna TEMDO na CAMARTEC, zote Arusha. Ya kwanza ni ya usanifu wa mitambo ya viwanda, ya pili ni ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. TIRDO iko Dar es Salaam na ina maabara na wataalamu wa viwanda. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina watu wa sayansi ya chakula. COSTECH ndiyo inayoratibu utafiti wa nchi nzima na kushika mfuko wake.

Ushauri wangu ni kwamba hata kama mashine unayoipenda iko Arusha, usiingie makubaliano ya watu wawili tu. Arusha ni zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Mtwara. Muweke mtu wa tatu mezani tangu siku ya kwanza, karakana ya SIDO, chuo cha ufundi cha VETA au fundi wako wa mtaani anayejua kuchomelea, ili yeye ndiye afundishwe kuitengeneza. Taasisi ikikataa mtu huyo awepo, hiyo ni dalili mbaya.

Hatua ya tatu: barua, na wakati wa kuipeleka

Taasisi ya umma haiendeshwi kwa simu. Unaweza kuwa na namba ya mtafiti na mkaelewana vizuri, lakini bila barua kwa mkurugenzi wa kituo hakuna faili, na bila faili hakuna gari, posho wala saini. Barua iwe ya ukurasa mmoja: wewe ni nani, unazalisha nini, tatizo lako kwa namba, unaomba nini hasa, na wewe unaleta nini mezani. Ambatanisha nakala za kurasa za daftari. Barua ya utambulisho kutoka SIDO mkoa ikiwa juu yake, inasafiri haraka zaidi.

Wakati ndio wengi hawaupi uzito. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, na bajeti zake zinaandikwa miezi mingi kabla. Wazo ukilipeleka Juni litapokelewa kwa tabasamu na kusubiri mwaka mzima. Halafu kuna kalenda ya mkorosho wenyewe: kuanzia Mei hadi Agosti watu wa Naliendele wako mashambani na majaribio ya viuatilifu dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mkorosho, na kuanzia Oktoba mavuno yanaanza. Kwa kazi ya korosho, peleka barua Januari au Februari. Chora na kutengeneza kati ya Aprili na Julai. Agosti nenda Ngongo ukaangalie wengine wamefanya nini, Septemba rekebisha, Oktoba jaribu kwa korosho mpya. Ukikosa Oktoba umekosa mwaka.

Hatua ya nne: majaribio

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo ubia mwingi unapofia bila mtu kujua.

Jaribio lifanyike kwako, kwa malighafi yako, kwa mikono ya watu wako. Mashine iliyojaribiwa kituoni na fundi aliyeibuni imejaribiwa na mtu anayeijua sauti yake. Wewe unataka kujua itakavyokuwa saa tisa mchana, umeme umerudi ghafla, na anayeiendesha alianza kazi saa moja asubuhi.

Chukua mfano wa mashine ya kubangulia ya mkono na mguu, ile ya visu viwili vyenye umbo la korosho. Mbanguaji anaweka korosho katikati, anakanyaga pedali, visu vinabana ganda, anazungusha mkono na ganda linafunguka. Kila kitu kinategemea nafasi iliyoachwa kati ya visu. Ikiwa kubwa, ganda halikatiki na mtu anakanyaga mara tatu. Ikiwa ndogo, kisu kinaingia kwenye karanga yenyewe. Ndiyo maana korosho hupangwa kwanza kwa ukubwa, chini ya milimita 18, 18 hadi 20, 20 hadi 22, na kuendelea, na kila ukubwa una nafasi yake ya visu. Mashine nyingi zinazolaumiwa kwamba "zinavunja" hazina kosa. Zimepewa korosho za ukubwa mchanganyiko kutoka kwenye gunia moja. Kama taasisi inakuletea mashine ya kubangua bila chekeche la kupanga, uliza chekeche liko wapi.

Halafu kuna mvuke. Korosho huchemshwa kwa mvuke dakika kama 15 hadi 30 kulingana na ukubwa na shinikizo, kisha huachwa zipoe usiku kucha ili ganda liwe gumu na la kukatika vizuri. Kikundi chenye haraka kinabangua mchana uleule. Vipande vikizidi, wanaitupia lawama mashine. Kwa hiyo jaribio la kubangua ni jaribio la mnyororo mzima: ukavu wa korosho ghafi, dakika za mvuke, saa za kupoa, ukubwa, nafasi ya visu, na mwisho kabisa ile ovena ya kukausha ili ganda laini la ndani limenyeke. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja hutajua ni lipi lililokusaidia.

Fanya hivi. Chukua magunia ya mzigo mmoja, kutoka chama kimoja, na uyachanganye vizuri. Nusu bangua kwa njia ya zamani, nusu kwa mpya, siku hiyohiyo. Siku inayofuata badilishana watu. Rudia kwa siku kadhaa, na angalau mara moja fanya jioni watu wakiwa wamechoka. Pima nzima, vipande, zilizoungua. Tuseme njia ya zamani inakupa kilo 13 nzima na 7 vipande kwa gunia, na mpya inakupa 16 na 4. Kilo tatu zimehama kutoka daraja la vipande kwenda daraja la nzima. Zidisha tofauti ya bei ya madaraja hayo mawili kwa kilo tatu, kisha kwa idadi ya magunia yako ya msimu. Hiyo ndiyo thamani ya mashine kwako kwa mwaka. Ukilinganisha na bei yake utajua bila kuuliza mtu.

Usisahau kupima kasi. Nimewahi kumsikia mhandisi kijana akimwelekeza mama mmoja mbanguaji, kwa adabu zote, "Mama, kanyaga taratibu." Mama akamjibu bila kuinua macho: "Mwanangu, mimi nalipwa kwa kilo. Taratibu haitanilipia ada." Sentensi hiyo ina thamani kuliko kurasa kumi za ripoti. Mashine inayotoa korosho nzima kwa mtu anayekwenda polepole haitatoa nzima kwa mtu anayelipwa kwa kilo, na kwenye viwanda vyetu vidogo karibu wote wanalipwa kwa kilo. Ama visu vibuniwe kustahimili haraka, ama mwenye kiwanda alipe zaidi kwa kilo ya korosho nzima. Mambo kama hayo yazungumzwe mezani mapema, na mbanguaji mwenyewe awepo.

Ulinzi wa mwili pia ni sehemu ya jaribio. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Kila aliyewahi kubangua anajua mikono inavyobabuka. Kama mashine mpya inarusha mafuta usoni, au inahitaji glavu nene ambazo haziwezi kushika korosho, watu wataivua glavu siku ya pili.

Mfano wa pili ni juisi ya mabibo, nao unafundisha jambo jingine: kipimo cha maabara hakizidishwi kwa kuongeza maji tu. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, lakini lina ukakasi unaokaba koo, na likianguka chini jana leo limeshaanza kuchacha. Wazee wetu walilimaliza tatizo hilo kwa kulifanya uraka, pombe ya mabibo. Watafiti wanaondoa ukakasi kwa kugandisha tanini, yaani kemikali zinazoleta ukakasi huo, kwa mfano kwa jelatini au kwa uji mwembamba wa wanga, kisha wanachuja na kupasha moto. Kwenye sufuria ya lita tano inapendeza. Kwenye sufuria la lita 200 juu ya kuni, inachukua muda mrefu kufika joto linalotakiwa na muda mrefu zaidi kupoa, na muda wote huo rangi inabadilika kuwa ya kahawia na ladha ya kupikwa inaingia. Basi unapopewa mapishi na taasisi, usiridhike na "pasha hadi nyuzi fulani." Uliza: kwa dakika ngapi, kwenye chombo cha ukubwa gani, ikapozwe vipi, na ikizidi itaharibika namna gani. Mwambie mtafiti aje asimame kwenye sufuria lako. Mara nyingi jibu linakuwa kupika kwa mafungu madogo au kununua chombo cha stenlesi kinachopoza haraka, na hapo gharama ya teknolojia inageuka kabisa.

Muhogo nao una la kwake, tena la hatari. Mtwara iliwahi kupata wagonjwa wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na kula muhogo mchungu ambao sumu yake haijatoka, hasa baada ya mwaka wa ukame. Kipimo cha kimataifa cha unga wa muhogo wa kuliwa hakizidi miligramu 10 za sumu hiyo kwa kilo. Mashine ya kuchakata inasaidia kwa sababu inasaga muhogo mbichi na kuruhusu sumu kutoka kabla ya kukamua na kuanika. Lakini kasi ya mashine ikikufanya uruke hatua ya kukamua vizuri, umepata unga mweupe wa kupendeza usiofaa. Kwenye jaribio la muhogo, sampuli zipelekwe maabara. Hili halijadiliwi.

Hatua ya tano: mkataba

Kabla ya jaribio mnasaini karatasi fupi ya majaribio: nani analeta nini, nani analipia, nani anafidia kitu kikiharibika, na kwamba mlichooneshana kinabaki siri. Baada ya jaribio zuri ndiyo unakuja mkataba wa kutumia teknolojia. Usichanganye hizi mbili, na usikubali hati ya makubaliano ya kurasa mbili za "kushirikiana katika maeneo mbalimbali" iwe ndiyo kila kitu. Hati ya namna hiyo inafaa kupigiwa picha.

Katika mkataba wenyewe tafuta mambo haya, na yasipokuwemo yaombe. Kila upande uliingia na nini: kama fundi wako tayari alikuwa na namna yake ya kufunga pedali, iandikwe kwamba ni yake. Maboresho yatakayofanyika kazini ni ya nani: hapa ndipo fundi wa mtaani hupoteza, kwa sababu yeye ndiye anayeboresha kila siku lakini mwenye kuandika ripoti ni mwingine. Mimi napendelea maboresho yawe ya pamoja, kila upande ukiruhusiwa kuyatumia bila kumlipa mwenzake. Leseni iwe ya eneo gani na miaka mingapi: leseni ya peke yako kwa nchi nzima hutapewa na huihitaji, lakini leseni ya kutengeneza na kuuza Mtwara, Lindi na Ruvuma inaweza kukutosha. Mrabaha, yaani malipo ya kutumia teknolojia yao, utahesabiwa kwenye nini: usikubali asilimia ya faida, kwa sababu mtagombana kila mwaka faida ni ipi, kiasi fulani kwa kila mashine iliyouzwa kinahesabika kirahisi. Michoro: orodha kamili yenye vipimo, aina ya chuma, unene, ukubwa wa mota na kasi ya puli, ikabidhiwe siku ya kusaini na iwe mali yako kuitumia. Uchapishaji: mtafiti anaishi kwa kuchapisha, usimnyime, lakini mkubaliane asubiri kama kuna maombi ya hataza (haki ya kisheria ya mbunifu juu ya alichobuni) njiani. Na namna ya kuachana, kwa sababu miradi huisha na watafiti huhamishwa.

Saini ya upande wao iwe ya mkuu wa taasisi au aliyemkasimu, mwanasheria wao akiwa amepitia. Mtafiti, hata awe daktari anayeheshimika, hawezi kuifunga taasisi peke yake. Malipo yote yaende kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Yeyote anayekwambia utume kwenye simu yake "ili mambo yaende," mshukuru kwa adabu na usitume. Wewe nawe uwe umesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na una namba ya mlipakodi. Taasisi haisaini na mtu asiye na jina kisheria. Kikundi chenye cheti cha halmashauri kiulize mapema kama kinatosha.

Kuhusu hataza nitakuwa mfupi. Bara inasajiliwa BRELA, kwa Sheria ya Hataza, Sura ya 217, na lazima kitu kiwe kipya. Ukishakionesha Ngongo mbele ya halaiki, upya wake unaanza kutiliwa shaka, kwa hiyo maombi yatangulie banda. Kwa mashine nyingi za viwanda vidogo hataza haina maana sana: jirani ataiga ndani ya mwezi, na kumshitaki kutakugharimu kuliko mashine yenyewe. Linda jina la biashara na ubora wa kazi yako. Hivyo ndivyo wateja wanavyokukumbuka.

Hatua ya sita: alama ya ubora na fedha

Teknolojia nzuri haikupi alama ya TBS, shirika la viwango. Bidhaa ndiyo inayopimwa, pamoja na jengo, maji na watu. Ofisi ya TBS ya kanda iko Mtwara, na mjasiriamali mdogo mwenye barua ya SIDO hubebewa na serikali gharama za mwanzo za kupimiwa. Wakaribishe waone ramani ya jengo kabla hujamwaga zege. Kuvunja ukuta ni ghali. Kama unafunga boila au chombo chochote cha mvuke wa shinikizo, OSHA, wakala wa usalama kazini, lazima wakikague. Pipa la mafuta lililochomelewa mfuniko si boila, hata kama jirani analo miaka yote na halijalipuka.

Fedha za kuboresha na kujaribu zitafutwe upande wa taasisi, kwenye mfuko wa COSTECH au mradi wao. Fedha za kununua mashine na malighafi ni zako: mfuko wa mikopo wa NEDF wa SIDO, benki, au ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ukichanganya mifuko hii miwili, siku mradi unaisha utajikuta umekopea utafiti wa mtu.

Hatua ya saba: msimu wa kwanza

Mkataba useme kwamba mafunzo yanafanyika kwako, na mtu anayefundishwa anaivua mashine yote mezani na kuifunga tena mbele ya aliyeibuni. Mfundishe zaidi ya mmoja. Fundi hodari huondoka akipata kazi Dar. Orodhesha vipuri vinavyochakaa, gawa makundi mawili: vinavyopatikana Mtwara mjini au Lindi, na vinavyotoka mbali. Kila kilichopo kundi la pili, iombe taasisi ikibadilishe kwa cha kundi la kwanza, hata kama ni kupoteza ubora kidogo. Beringi ya kawaida inayopatikana Masasi ni bora kuliko beringi nzuri inayosubiriwa wiki tatu katikati ya msimu. Angalia na umeme: kama kijijini kwako hakuna umeme wa njia tatu, mota ya njia tatu itakaa kwenye karatasi yake.

Kisha lirudie daftari lile la hatua ya kwanza, safari hii likiwa na safu moja zaidi ya hitilafu: tarehe, saa, kilichovunjika, kilichokuwa kikifanyika wakati huo, nani alirekebisha na kwa gharama gani. Piga picha kipande kilichovunjika kabla ya kukitupa. Msimu ukifungwa, Januari, peleka nakala kwa taasisi pamoja na barua inayoomba marekebisho matatu tu, yaliyopangwa kwa hasara iliyotokea, kubwa juu. Wakiyafanya, saini ya mwaka wa pili inafuata. Wasipojibu hadi Aprili, chukua michoro uliyokabidhiwa, mpelekee fundi wako, na myafanye wenyewe.